Kingo za Keki

Mama yangu alikufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyewaharibu watoto wa mke mwenzake, na kwamba aliwaharibu kwa kingo za keki. Nalisema hili mapema ili mtu akinisikia nafoka huko mbele asidhani nilizaliwa nafoka. Hasira nilifundishwa, na kwa bahati mbaya nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Baba alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya nyumba: tanuri moja la matofali, meza ndefu ya mbao, na trei zilizopinda kwa joto. Mke wake wa kwanza, ambaye mpaka leo namwita Mama Mkubwa, alikaa dukani mbele akipokea wateja. Mama yangu alikuwa mkandaji wa unga, baadaye akawa mke wa pili. Wapo wanaosema mambo yalipangika kinyume kidogo, na umri wangu unawaunga mkono. Tulilala chumba cha pembeni, ukuta mmoja na tanuri, na utoto wangu wote sikujua baridi ni kitu gani. Hiyo ni fadhila ambayo Mama Mkubwa alinifanyia bila kukusudia.

Keki pia zilikuwa za mama. Keki ikitoka motoni huachwa ipoe, kisha hukatwa pande zote nne ili inyooke kabla ya kupambwa. Zile kingo haziuzwi. Zimekauka kidogo, sukari imeungua pembeni, na ni tamu kuliko keki yenyewe. Mama alikuwa na kisu chake kirefu, chembamba, mpini umezungushiwa utepe mweusi, na kabla hajamaliza kukata sisi watoto tulikuwa tumeshapanga foleni. Dada mbele, Kaka nyuma yake, kisha mimi, na Kitinda aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Watatu wa Mama Mkubwa, mmoja wa kwake. Mama aligawa sawasawa. Halafu, wenzangu wakishaondoka, aliniongezea mimi cha pili, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Dada ndiye aliyeanza. Alikuwa amemaliza shule tu, msichana mrefu anayejipenda, mara akaanza kunywa maji kama aliyelishwa chumvi, na nguo zikamning'inia. Hospitali wakasema kisukari. Sasa niambie, katika nyumba ya watu wanaooka keki, mtoto akipatikana na kisukari macho yanaelekea wapi? Mama Mkubwa alirudi kutoka hospitalini akapita moja kwa moja mpaka nyuma, akainua trei ya kingo za siku hiyo na kuimwaga yote miguuni pa mama yangu.

"Umewalisha wanangu mpaka umewaozesha," alisema. "Wako mbona mzima?"

Mama aliinama akaanza kuokota.

Baadaye masikio ya Dada yakaanza kuziba. Watu wakasema kisukari kimempanda kichwani. Kisha Kaka, kijana wa watu, mwembamba asiyependa hata chai tamu, naye akapatikana nacho. Siku hiyo Mama Mkubwa alichukua kile kisu mezani, akasema hakitakata tena kitu chochote katika nyumba yake, akatuonyesha mlango. Baba alisimama pale, mikono imejaa unga. Alikuwa hodari wa kuchochea moto wa kuni tu. Huu mwingine aliuacha uwake.

Mama alipata kazi ya kuosha vyombo katika jiko la shule. Tangu siku ile mpaka anakufa hakutia sukari katika chai. Nilimwambia mara ngapi sijui: "Mama, mimi nilikula kuliko wote, ulikuwa unaniongezea, mbona sina kitu?" Alikuwa na jibu moja. "Mungu hakutaka kunimaliza," alisema. Siku zake za mwisho, kitandani, alinishika mkono akasema, "Nilikuwa nawapenda wale watoto. Si unakumbuka? Nilikuwa nagawa sawasawa." Nikamwambia nakumbuka.

Baba alipofariki, kiwanda kikabaki kwa Kaka. Na hapo ndipo alipokuja kunitafuta.

Mkate ulioiva hujulikana kwa mlio. Unaugeuza, unaugonga chini kwa kifundo cha kidole, nao unajibu kwa sauti tupu, kama mlango wa chumba kisicho na mtu. Usioiva haujibu kitu. Baba alitufundisha hivyo na hatukujua njia nyingine. Sasa Kaka alikuwa anagonga asisikie, na wateja wanarudisha mikate mibichi katikati wakiitupa kwenye kaunta kama mawe. Alikuja mpaka nilipokuwa nafanya kazi, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Hamira," alisema. Ndilo jina alilonipa tangu utotoni, kwa vile mimi huumuka haraka nikiguswa na joto. "Njoo unisikilizie mkate."

Nikamwambia amwambie mama yake. Akasema ameshamwambia. Nikamuuliza amejibu nini, akacheka. "Amejibu hajasikia."

Na kweli, wakati huo Mama Mkubwa mwenyewe alikuwa hasikii hata bomu. Kwao lilikuwa jambo la mzaha wa miaka mingi: mama yake aliishia kiziwi, na mama zake wadogo vilevile, na watu walisema wanawake wa ukoo ule husikia wanachotaka tu. Sukari nayo ilimwingia uzeeni, akasema ni kwa sababu ya majonzi. Nilikubali, na niliporudi kiwandani nikajikuta ndiye mkalimani wa kupiga kelele. Mteja ananiambia mimi, mimi napiga kelele kwa Kaka, tena kelele kubwa zaidi kwa mama yake. "Sikio la kufa halisikii dawa!" nilikuwa namfokea Kaka nikimtania, naye anauliza, "Dawa gani?" Mama Mkubwa hakunitaja kwa jina. Nilikuwa "huyo". Niliruhusiwa mikate. Keki hazikuokwa tena, na kisu cha mama sikukiona.

Dada alikufa kwa moyo, hajafika hata umri wa kuota mvi. Mama Mkubwa alimzika akinitazama mimi.

Kisha figo za Kaka zikaanza kuchoka. Kwanza uso ukamvimba asubuhi, kisha miguu, kisha akawa anakwenda kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, anarudi amekuwa rangi ya donge la unga lililosahauliwa. Daktari wake wa figo alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, mwenye sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kusikia, na huyo ndiye waliyempangia familia ya viziwi. Alisema Kaka anahitaji figo ya ndugu. Kitinda akajitokeza siku hiyohiyo. Wakampima, wakamrudisha: naye ana sukari, alikuwa anaificha, na sikio la kushoto limeanza kufa.

Hapo ndipo daktari alipoweka kalamu chini. "Ngoja kwanza," alisema. "Katika familia hii nani mwingine hasikii vizuri?"

Mimi nikacheka. Nikamhesabia: Mama Mkubwa, mama yake, mama zake wadogo, Dada aliyekufa. Kadiri nilivyohesabu ndivyo daktari alivyozidi kuacha kutabasamu. Akaagiza damu zipelekwe mbali zikapimwe.

Majibu yalipokuja alituita ofisini. Tulikaa watatu mbele ya meza yake: Kaka katikati na kile kifaa chake cha sikioni kinachopiga mluzi, Mama Mkubwa kulia kwake ameukumbatia mkoba, mimi kushoto.

"Ndani ya kila seli ya mwili," daktari alianza, nami nikasogeza kiti ili nimsikie, "mna vitu vidogo sana vinaitwa mitokondria. Nyinyi ni waokaji, basi tuviite matanuri. Chakula kinaingia, nguvu inatoka." Akachora duara, ndani yake akachora vitanuri vingi vyenye moshi. Alichora vibaya, lakini tulielewa. "Sasa, matanuri haya yana jeni zake yenyewe, mbali na jeni nyingine za mwili. Kwa mgonjwa wetu, herufi moja katika jeni hizo imebadilika."

"Herufi moja tu?" niliuliza.

"Moja inatosha. Tanuri lenye kosa hilo haliwaki vizuri. Na viungo vinavyotumia nguvu nyingi ndivyo vinavyolia njaa kwanza. Kongosho linashindwa kutoa insulini ya kutosha, ndiyo sukari hiyo. Sikio la ndani. Figo. Moyo."

Niliona Kaka anafuata midomo ya daktari, na neno hilo la moyo limemfikia. Alikuwa anamfikiria Dada.

"Mbona Dada aliumwa sana na mdogo wetu kidogo?" niliuliza.

"Kila mtoto hupata mchanganyiko wake, matanuri mazima na mabovu. Mmoja hupata mabovu mengi, mwingine machache. Hakuna anayechagua."

Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nikiwa mtoto. Sauti ilinitoka nyembamba, si yangu. "Na keki, daktari?"

"Keki gani?"

"Kingo za keki. Mtoto akila kila siku, miaka."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua huletwa na miavuli. "Hapana, dada. Haihusiani kabisa. Hata wangelelewa kwa maji na majani, kosa hili wamezaliwa nalo."

"Wamelitoa wapi?"

"Kwa mama. Mitokondria mtoto huzipata kwa mama peke yake, baba hachangii hapo. Mama alizipata kwa mama yake, na yule kwa wake. Ndiyo maana wewe, baba mmoja mama mwingine, huna. Watoto wa huyu kaka yako wako salama na jambo hili, mwanamume harithishi. Wa mdogo wenu wa kike ndio itabidi tuwaangalie."

Kitinda ana mabinti wawili.

"Anasema nini huyo?" Mama Mkubwa aliuliza kwa ile sauti yake ya viziwi, inayofika mpaka barabarani. "Midomo inamcheza tu kama sungura."

Nilifungua kinywa. Mungu ni shahidi, pumzi nilikuwa nimeshaivuta. Nilikuwa na maisha mazima ya kelele yanangoja nyuma ya meno. Lakini Kaka aliniwahi. Alimgeukia mama yake akamshika goti.

"Anasema ni damu, Mama! Mambo ya damu!"

"Damu iliyoharibiwa na sukari," alisema Mama Mkubwa, akanitupia jicho. "Mimi nilisema tangu mwanzo."

Daktari alisema mama naye ana haki ya kuelezwa, polepole, na mtu anayempenda. Kaka akasema atamweleza mwenyewe. Nilimjua. Alikuwa anadanganya.

Kwenye korido, kando ya bomba la kunawia, nilimvuta mkono. Mama yake tulikuwa tumemkalisha kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza uziwi wa nyumba ile ulitufaa, tuligombana hatua chache tu kutoka kwake.

"Utamwambia leo," nilisema kwenye sikio lake lenye kifaa. "Kabla hatujafika nyumbani."

"Sitamwambia."

"Alimfukuza mama yangu! Alimmwagia trei miguuni!"

"Najua. Nilikuwepo. Nilisaidia kuokota, umesahau?" Sikuwa nimesahau. "Hamira, nisikilize. Mtoto wake mmoja kamzika. Mimi ananiona hivi nilivyo. Sasa umwambie kwamba kimetoka tumboni mwake? Kwamba na wajukuu huenda amewapa? Atakunja miguu afe. Hatamaliza mwezi."

"Na mama yangu mimi? Alikunja miguu kwa sababu gani?"

Alinitazama na yale macho yaliyovimba. "Mama yako ameshakufa," alisema taratibu. "Wangu bado."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mgonjwa wa figo, katika korido ya hospitali, nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilimwambia jambo baya kuliko kofi. Nilimwambia daktari atanipima mimi, na nikifaa, figo ataipata siku mama yake atakaposema kwa kinywa chake kwamba mama yangu hakufanya kitu.

"Basi baki nayo," alisema. Akaenda kukaa karibu na mama yake.

Nilipimwa nikafaa. Damu yangu ilimkubali kama tumetoka tumbo moja, na daktari mwenyewe alishangaa. Kiwandani tukawa hatusemeshani. Alikuwa anakuja kutoka kwenye mashine anakaa kwenye gunia la unga, nami nagonga mikate kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Asubuhi moja aliinuka kunisaidia kutoa trei. Akauchukua mkate, akaugeuza, akaugonga kwa kidole, akauweka kifuani mwake na kuugonga tena, ajaribu kuusikia kwa mbavu. Kisha akaurudisha kwenye trei polepole na kuketi. Hakujua kwamba namwona.

Nikaweka kitambaa chini. Nilimsogelea sikioni nikasema, "Nitakupa. Na sitasema."

"Niahidi."

"Nimeshasema sitasema, unataka nikuimbie?"

Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na mikate motoni. Lakini nawaambia ukweli: ahadi ile ilinikata kuliko kisu cha daktari. Kabla ya upasuaji huwa wanakuuliza peke yako kama kuna mtu amekulazimisha. Nilimjibu muuguzi kwamba tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunilazimisha kitu, amuulize aliyenipa jina. Alicheka akaandika. Na ndani kabisa nilikuwa namwomba mama yangu msamaha.

Nilipozinduka ubavu ulikuwa unawaka, na midomo imekauka. Chumba kilikuwa na vitanda sita, wanawake watupu, na wote waliamka siku ya pili yake Mama Mkubwa alipoingia.

"Anakojoa!" alitangaza kutoka mlangoni. "Mwanangu anakojoa kama bomba!"

Wanawake wakacheka, mmoja akapiga makofi. Nami nilicheka, ikaniuma, nikaendelea kucheka. Figo yangu inafanya kazi. Kaka yangu ataishi. Lazima mjue kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli, hata kama ni fupi.

Mama Mkubwa alivuta kiti. Alifungua mkoba, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa cha jikoni, akakifunua juu ya shuka langu. Muuguzi aliyekuwa kitanda cha pili alishtuka akasema, "Bibi, hapa visu haviruhusiwi!" lakini ni kama aliuambia ukuta. Kilikuwa kisu cha mama. Utepe mweusi ulikuwa uleule, umelegea kidogo. Alikuwa amekinoa.

"Nilikificha miaka yote," alisema. Alidhani ananong'ona. Chumba kizima kilikuwa kinamsikia. "Kila nikikiona naona wanangu wanakula sumu kwenye foleni. Nilikuwa na kinyongo na mama yako mpaka kaburini kwake. Sikwenda kumzika, unajua." Alinifuta jasho kwa ncha ya kile kitambaa. "Lakini alichonichukulia yeye, wewe umenirudishia. Umemsafishia. Leo mbele ya watu hawa nasema nimemsamehe. Alale salama."

"Mungu ni mkubwa," alisema mwanamke wa kitanda cha dirishani, akijifuta machozi. Mwingine akanitazama kwa huruma, mtoto wa yule mama mbaya. Wote watano, na muuguzi wao, walikuwa wamesikia kwamba mama yangu aliwalisha watoto wa watu sumu, na kwamba amesamehewa.

Kumfikishia sauti Mama Mkubwa lazima uitoe tumboni. Nilivuta pumzi, na nyuzi zote za ubavu zikapiga kelele kabla yangu. Upande wa pili wa ukuta Kaka alikuwa amelala na kipande changu, na ahadi yangu. Nikaiachia ile pumzi. Kilichobaki kilitosha kusemea mto tu.

"Haikuwa keki, Mama Mkubwa," nilisema, kwa sauti ambayo hata muuguzi hakuisikia. "Lilikuwa tumbo lako, na la mama yako, na la bibi yako, na hakuna hata mmoja wenu mwenye kosa. Na mama yangu hakuwa na kosa. Alikunywa chai chungu miaka yote kwa ajili yako. Alikuwa anagawa sawasawa."

Alitazama midomo yangu, ameinamisha kichwa, anakitikisa kwa heshima kama mtu anayepokea shukrani. Nilipomaliza alinipigapiga mkono, akavuta shuka mpaka shingoni pangu, kisu kikiwa bado juu yake.

"Usiseme sana, mwanangu," alisema. "Utafumua nyuzi."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Na mama anisamehe huko aliko, nilifurahi.